Maelezo ya onyo: masaa manne kituoni, na dakika moja mahakamani ambayo mshtakiwa akiiacha ipite hairudi

#1 Nondo za Jinai

Wakuu, salaam.

Ukisoma hukumu za rufaa za jinai za Tanzania Bara, kuna karatasi inayojitokeza kila mara: maelezo ya onyo. Ni maelezo ambayo askari anamwandika mtuhumiwa akiwa chini ya ulinzi, baada ya kumwonya kwamba halazimiki kusema chochote. Wapo wanaofungwa miaka 30 kwa nguvu ya karatasi hiyo, na wapo wanaoachiwa kwa sababu imeondolewa kwenye kumbukumbu. Mara nyingi kinachowatenganisha ni wakati: nani alisema "napinga" kabla kielelezo hakijapokelewa, na nani alikumbuka baadaye.

Vifungu ninavyotaja ni vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, Toleo la 2022. Mwenye toleo jipya zaidi atafute kwa kichwa cha kifungu, maana baadhi ya namba zimesogea. Zanzibar ina sheria yake, Na. 7 ya 2018, tusichanganye.

Tuanze kituoni. Kifungu cha 53 kinamtaka askari amweleze mtuhumiwa, kwa lugha anayoielewa vizuri, kwamba yuko chini ya ulinzi, kwa kosa gani, na kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake. Akisema, atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Kifungu cha 54 kinampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Angalieni neno lililomo humo: haki hiyo inatolewa mtuhumiwa *akiomba*. Asiyeomba, askari atakuja kusema mahakamani "hakuhitaji mtu", na sentensi hiyo huwa tayari imeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza na mtuhumiwa ameweka saini chini yake. Kwa hiyo aombe, ataje jina la anayemtaka na namba ya simu, na kama amekataliwa asikubali kuandikwa kwamba hakuhitaji.

Kifungu cha 50 ndicho chenye masaa manne. Mahojiano yafanyike ndani ya masaa manne tangu mtu alipowekwa chini ya ulinzi. Yasipotosha, kifungu cha 51 kinamruhusu askari anayesimamia upelelezi kuongeza muda usiozidi masaa manane na kumjulisha mtuhumiwa, au kwenda kwa hakimu kuomba zaidi kabla muda haujaisha.

Kifungu cha 57 kinahusu karatasi yenyewe: maswali na majibu, onyo lilitolewa saa ngapi na kwa maneno gani, mahojiano yalianza saa ngapi, yalikatika wapi, yaliisha saa ngapi, mkalimani alikuwa nani kama alikuwepo. Mwishoni kuna uthibitisho wa askari. Mtuhumiwa apewe asome na arekebishe. Asiyejua kusoma asomewe. Kama mtuhumiwa ameandika mwenyewe, au ameomba aandikiwe simulizi yake, tunaingia kifungu cha 58.

Karibuni tuchambue.

#2 Binti Usagara

Mkuu asante. Nifafanulie hesabu ya masaa. Hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu serikali inajibu "alikuwa akipelekwa huku na kule kwa upelelezi", na mtu anaona hoja imekufa.

#3 Nondo za Jinai

Haijafa, chukua kalamu. Nitatumia saa za kipolisi (0800 ni saa mbili asubuhi) kwa sababu ndizo utakazozikuta kwenye karatasi.

Mtu amekamatwa 0800. Gari limefika kituoni 0900. Saa 1000 wametoka naye kwenda kupekua nyumbani kwake, wamefika 1045, upekuzi umeisha 1145, wamerudi kituoni 1230. Amewekwa selo. Maelezo yanaonyesha yameanza 1630 na kuisha 1815.

Tangu 0800 hadi 1630 ni masaa 8 na nusu. Kifungu cha 50(2) kinaondoa muda wa kumsafirisha mtuhumiwa kwenda kituoni au mahali pengine kwa ajili ya upelelezi, ilimradi wakati huo hahojiwi. Ondoa saa 1 ya kwenda kituoni, yanabaki 7 na nusu. Ondoa dakika 45 za kwenda kwake na 45 za kurudi, yanabaki 6. Hata ukiwa mkarimu ukaondoa na saa nzima ya upekuzi, yanabaki masaa 5. Wameanza kuandika muda ukiwa umekwisha kwa saa nzima, na bado walimaliza saa 1 na dakika 45 baadaye.

Tangu 1230 hadi 1630 mtu alikaa tu selo. Masaa manne hayo hayana safari wala wakili aliyekuwa akisubiriwa. Hapo ndipo unapomhoji shahidi: "Kati ya 1230 na 1630 mlikuwa mnafanya naye nini?" Halafu unanyamaza.

#4 Kalamu ya Buluu

Niongeze jambo kwenye hesabu ya mkuu. Saa ya upekuzi wenyewe ina ubishi. Sheria inataja muda wa *kusafirishwa*. Mtu aliyesimama sebuleni kwake akionyeshwa vitu na kuulizwa "hiki cha nani" hayuko safarini. Wakili wa utetezi asiikubali saa hiyo kirahisi. Ila mahakama nazo zimekuwa zikivumilia ucheleweshaji pale upelelezi ulipokuwa mgumu kweli, washukiwa wengi, maeneo mbalimbali. Kwa hiyo jenga hoja ya kwanza juu ya muda wa selo usio na maelezo, ya upekuzi iwe ya pili.

Na msiziamini saa zilizo kwenye maelezo peke yake. Linganisha na hati ya ukamataji mali, ambayo ina saa yake, na kitabu cha mahabusu cha kituo, kinachoonyesha mtu aliingizwa na kutolewa selo saa ngapi. Hutokea karatasi moja ikasema mtuhumiwa alikuwa anahojiwa 1100, na hati ya ukamataji ikawa na saini yake ya 1115, nyumbani kwake, kilomita 20 kutoka kituoni. Shahidi akibanwa na karatasi mbili za upande wake mwenyewe, hana pa kukimbilia.

#5 Mtafiti wa Ilala

Je, maelezo yakiwa nje ya muda yanatupwa moja kwa moja? Naona hukumu nyingine zinayaondoa, nyingine zinayaacha.

#6 Nondo za Jinai

Swali zuri, na lazima tuwe wakweli hapa. Katika Janta Joseph Komba na wenzake watatu, Rufaa ya Jinai Na. 95 ya 2006, Mahakama ya Rufani iliyakataa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda, ikasema kumshikilia mtu kupita muda uliowekwa ni mateso kwa namna moja au nyingine. Kwenye Nyerere Nyague, Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, mahakama hiyohiyo ikasema si kila ukiukwaji wa Sura ya 20 unaufuta ushahidi papo hapo.

Kiungo cha hukumu hizo mbili ni kifungu cha 169. Mahakama inapima uzito wa kosa, uzito wa ukiukwaji wenyewe, na kama ushahidi huo ungeweza kupatikana kihalali bila kuvunja sheria. Lakini kifungu hicho kinasema pia kwamba anayetaka ushahidi upokelewe ndiye mwenye kazi ya kuishawishi mahakama. Mawakili wengi wa utetezi wanasahau kulisema hili. Wanakaa wanajieleza kana kwamba mzigo ni wao.

Nyerere Nyague ina jambo la pili, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: maelezo yanachukuliwa kuwa yametolewa kwa hiari mpaka utetezi upinge, ama kwamba hayakuwa ya hiari, ama kwamba hayakutolewa kabisa. Mshtakiwa akinyamaza, sheria inadhani amekubali.

#7 Kalamu ya Buluu

Basi tuionyeshe dakika hiyo ilivyo, maana ndugu wa washtakiwa wanaosoma hapa hawaijui.

Askari aliyeandika maelezo yuko kizimba cha mashahidi. Mwendesha mashtaka anamwuliza atayatambuaje, anasema kwa mwandiko wake na saini yake. Anaonyeshwa, anasema "ndiyo haya, naomba mahakama iyapokee kama kielelezo." Hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una pingamizi?"

Hiyo ndiyo dakika. Jibu baya kuliko yote ni hili: "Sina pingamizi ila nilipigwa." Hakimu makini atalichukua kuwa pingamizi, mwingine ataandika "hana pingamizi" na kuendelea. Mshtakiwa aseme waziwazi mojawapo:

"Napinga. Saini ni yangu lakini niliiweka baada ya kupigwa."

"Napinga. Sikuwahi kutoa maelezo haya, na saini si yangu."

"Napinga. Yalichukuliwa nje ya muda wa kifungu cha 50."

Anaweza kutoa zaidi ya sababu moja, ila ya kwanza na ya pili zinagongana. Hakimu atakuuliza: ulilazimishwa kusema, au hukusema? Chagua lililo kweli kabla hujaingia mahakamani.

Baada ya hapo kesi ya msingi inasimama. Kwenye mahakama za chini unafanyika uchunguzi mdogo, Mahakama Kuu wanaita kesi ndogo ndani ya kesi. Upande wa mashtaka unaanza, kwa sababu kifungu cha 27(2) cha Sheria ya Ushahidi kinawatwika wao kuthibitisha hiari. Wanaleta mashahidi wao, wanahojiwa na utetezi, kisha mshtakiwa anajitetea kwa jambo hilo moja na kuita mashahidi wake. Hakimu anatoa uamuzi wenye sababu. Yakipokelewa, yule askari anarudi kizimbani kuendelea alipoishia.

#8 Mama Kibindo

Samahani wakuu, mimi si mwanasheria. Mtu ambaye aliogopa siku hiyo akasema hana pingamizi, halafu kwenye utetezi wake akaeleza kwamba aliteswa. Anasaidika?

#9 Nondo za Jinai

Mama, kwa ukweli, nafasi yake inapungua sana. Mahakama huyaita madai ya namna hiyo jambo lililobuniwa baadaye. Na likiongezeka la pili, kwamba hakumhoji yule askari kuhusu kipigo alipokuwa kizimbani, ni gumu zaidi. Usipomhoji shahidi kuhusu jambo la msingi unachukuliwa umelikubali.

Lakini kuna vitu viwili havifi. Makosa yanayoonekana kwenye karatasi yenyewe, kama saa zinazoonyesha muda ulikwisha au uthibitisho wa kifungu cha 57 kukosekana, ni hoja za kisheria na zinaweza kuletwa hata kwenye rufaa. Pia uzito: maelezo kupokelewa ni jambo moja, kuaminiwa ni lingine. Hakimu bado anatakiwa kupima kama yanaelekea kuwa kweli.

#10 Binti Usagara

Hapo ndipo inapoingia ile kesi ya zamani ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, Tuwamoi dhidi ya Uganda ya 1967. Bado inatumika hadi leo. Ungamo lililokanwa, yaani maelezo ya kukiri kosa ambayo mshtakiwa anayakana mahakamani, lichukuliwe kwa tahadhari, na kwa kawaida mahakama itafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Inaweza kutia hatiani bila huo ushahidi, lakini baada tu ya kupima mazingira yote na kuridhika kwamba yaliyosemwa hayawezi kuwa kingine ila kweli.

Kwa hiyo utetezi uyasome maelezo mstari kwa mstari. Je, kuna kitu humo ambacho muuaji pekee angekijua? Au kila kilichomo polisi walishakijua kutoka kwa mashahidi wengine kabla hawajamkamata? Maelezo yanayofanana neno kwa neno na ya mlalamikaji yanaonyesha yalitoka kwenye jalada. Maelezo ya washtakiwa watatu yenye aya moja ileile pia.

Halafu kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi: ungamo la mshtakiwa mwenzako linaweza kuzingatiwa dhidi yako, ila huwezi kutiwa hatiani kwa hilo peke yake.

#11 Mtafiti wa Ilala

Majeraha je? Yanathibitishwaje wakati mtu yuko mahabusu?

#12 Kalamu ya Buluu

Siku ya kwanza ya kufikishwa mahakamani. Mshtakiwa aombe ruhusa ya kusema, amwonyeshe hakimu jeraha lilipo, na aombe *liandikwe kwenye mwenendo wa shauri*. Kusema tu haitoshi, kilichoandikwa ndicho kitakachosomwa mwaka kesho. Aombe amri ya kutibiwa na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Akipelekwa gerezani, aeleze majeraha wakati wa kupokelewa ili yaingie kwenye kumbukumbu za zahanati ya gereza. Kumbukumbu hizo zina tarehe, na anayezitunza si polisi aliyemhoji. Wakati wa uchunguzi mdogo, utetezi uombe mhudumu wa zahanati aitwe na kitabu chake.

Ndugu nao waandike tarehe waliyomwona, alikuwa na hali gani, nani walikuwepo. Wanaweza kuitwa mashahidi katika uchunguzi huohuo.

#13 Mkaazi wa Likoni

Huku Kenya mambo ni tofauti kidogo, naomba niyaweke mlinganishe. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakikubali ungamo la polisi isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta ambaye siye mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Katiba ya 2010, ibara ya 49, inakataza mtu kulazimishwa kuungama. Kwa hivyo afisa mmoja hawezi kupeleleza, kuhoji na kuandika ungamo peke yake chumbani.

#14 Nondo za Jinai

Shukrani ndugu wa Likoni. Hiyo ya mtu wa tatu ndiyo inayokosekana kwetu, na kwa maoni yangu ndiyo ingepunguza kesi hizi kwa kiasi kikubwa kuliko marekebisho mengine yote.

Kilicho karibu nayo kwetu ni maelezo ya ungamo mbele ya mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi huwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kuna mwongozo wa Jaji Mkuu unaomtaka amwulize mtuhumiwa: alikamatwa lini na saa ngapi, alikamatiwa wapi, alilala wapi kabla ya kuletwa, kama kuna mtu aliyemtishia, kumwahidi kitu au kumpiga ili aje aseme, kama kweli anataka kusema kwa hiari yake, na amweleze kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Maswali haya yasipoonekana kwenye karatasi, pinga.

Na mtuhumiwa aelewe kwamba kwa mlinzi wa amani ndipo mahali pa kusema "sitaki kusema chochote, nimeletwa tu". Polisi aliyemleta hatakiwi kuwemo chumbani. Wengi hudhani ni hatua nyingine ya polisi, wanarudia walichoambiwa warudie, na ungamo la pili linakuwa zito kuliko la kwanza.

#15 Binti Usagara

Kosa jingine linalojirudia: maelezo yamepokelewa, hayakusomwa. Robinson Mwanjisi na wenzake watatu (2003) iliweka utaratibu: nyaraka inatambuliwa, inapokelewa, *ndipo* inasomwa kwa sauti mshtakiwa asikie. Ikisomwa kabla ya kupokelewa ni kosa, isiposomwa baada ya kupokelewa inaondolewa kwenye kumbukumbu. Mtu wa utetezi asimkumbushe mwendesha mashtaka, kazi hiyo si yake. Lakini mjue kwamba karatasi ikiondolewa, yale ambayo askari aliyasema kwa mdomo akiwa chini ya kiapo yanaweza kubaki, kwa hiyo mhojini vizuri bila kujali karatasi.

Kwa kesi za Mahakama Kuu, angalieni siku ya kuhamishiwa shauri huko. Maelezo ya mashahidi na nyaraka lazima yasomwe mbele ya mshtakiwa chini ya kifungu cha 246, na nakala apewe. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa siku hiyo hawezi kuitwa bila notisi ya maandishi ya kifungu cha 289. Kwenye mahakama za chini, mshtakiwa aombe nakala ya maelezo ya mlalamikaji chini ya kifungu cha 9(3) mapema kabisa. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo utakayolinganisha na hayo maelezo ya onyo.

#16 Mama Kibindo

Nimeelewa. Swali la mwisho: akishafungwa, ana siku ngapi?

#17 Nondo za Jinai

Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kifungu cha 361: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu au adhabu. Kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala iandikwe mara moja, na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa itunzwe. Aliye gerezani anapitishia kwa mkuu wa gereza, kifungu cha 363. Siku zikipita aombe kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi, na tarehe alizowasilisha karatasi gerezani ziwe zimeandikwa.

Katika sababu za rufaa usiandike "hakimu alikosea kupokea maelezo". Andika: kielelezo fulani, kilichopokelewa tarehe fulani, kinaonyesha mshtakiwa alikamatwa 0800 na kuhojiwa 1630, hakuna nyongeza ya muda ya kifungu cha 51, na shahidi fulani alikiri hivyo ukurasa fulani wa mwenendo.